Kijenzi kipi kinakwamisha oda? Njia nne za kufuatilia upungufu kwenye bidhaa za ngazi nyingi

Bidhaa ya ngazi moja haina mambo mengi. Bolti zikikosekana, orodha inasema bolti zimekosekana, mnunuzi anaagiza, kazi inaendelea. Kichwa huanza kuuma pale bidhaa inapoundwa kwa makusanyiko, na makusanyiko hayo yakaundwa kwa makusanyiko mengine, kila moja na oda yake ya kazi na mahali pake stoo. Meneja anauliza pampu zitatoka lini. Mpangaji anafungua oda ya pampu, anaona mistari yote ni ya kijani, anajibu wiki ya 9. Wiki ya 9 inafika, pampu hazipo. Ukifuatilia unakuta kijenzi kilichokwamisha kiko ngazi tatu chini, na kwenye oda ya pampu hakitajwi kabisa.

Programu nyingi za kupanga uzalishaji zina skrini kadhaa zinazodai kuonyesha upungufu. Majina ya skrini hizo hutofautiana, lakini nyuma ya majina kuna njia nne hivi za kupiga hesabu, na ukizipa data ileile zinaweza kukupa majibu manne tofauti, kila moja sahihi kwa hesabu yake. Ulinganisho huu ni wa anayechagua programu sasa, au anayo tayari na hajui ategemee skrini ipi.

## Vigezo

Njia zote nitazipima kwa mambo matano.

Kina. Je, inashuka hadi kijenzi cha mwisho kinachonunuliwa, au inaishia ngazi moja chini ya oda uliyoifungua? Na ikishuka, inatoa kwanza vilivyopo stoo katika kila ngazi, au inakimbilia chini moja kwa moja?

Muda. Inajua kijenzi kinahitajika lini, au inajua tu kwamba kinahitajika?

Mgongano. Oda mbili zikigombea kijenzi kimoja, inaona ugomvi huo? Na inaamuaje nani apate?

Data. Inataka nini kiwe sahihi ili jibu lake liaminike?

Inamfaa nani. Nani ataifungua kila asubuhi, na ataamua nini kwa kuisoma?

Binafsi kigezo cha tatu ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Kina na muda huonekana wazi kwenye maonyesho ya muuzaji wa programu. Mgongano hauonekani mpaka siku oda mbili zikutane kwenye rafu moja, na maonyesho ya muuzaji huwa na oda moja tu.

## Mfano tutakaoutumia kote

Kiwanda kinaunda pampu. Pampu moja inahitaji mota moja. Mota moja inahitaji rota moja. Rota moja inahitaji shafti moja na beringi mbili. Vitu vingine vipo vya kutosha, tuviache.

Kuna oda ya pampu 40, zitoke wiki ya 9. Stoo kuna mota 15, rota 10 na beringi 24. Kila hatua ya kuunda inachukua wiki moja. Beringi zikiagizwa leo zinafika baada ya wiki 4. Leo ni wiki ya 3.

Pembeni kuna oda ya feni 10, zitoke wiki ya 8. Kila feni inatumia beringi mbili za aina ileile, zinazofungwa moja kwa moja kwenye feni bila kupitia rota. Hakuna oda ya ununuzi iliyo wazi.

## Njia ya kwanza: orodha ya upungufu ya kila oda ya kazi

Hii karibu kila programu inayo. Unafungua oda ya kazi, inasoma orodha yake ya vijenzi, inalinganisha na stoo, inaweka alama nyekundu penye pengo. Kwa watumiaji wa programu ya SAP, skrini ya CO24 ni ya ukoo huu: inakusanya vijenzi vinavyokosekana kwenye oda za uzalishaji.

Kina. Ngazi moja. Oda ya pampu inasema mota 40 zinahitajika, zipo 15, pengo 25. Sawa kabisa, lakini hapo haijakuambia lolote kuhusu beringi. Mpangaji anafungua oda ya mota 25, na programu nyingi zikishaona oda hiyo zinaihesabu kama mota zinazokuja. Mstari wa mota kwenye oda ya pampu unabadilika rangi na kutulia. Oda ya mota nayo inadai rota 15 zaidi ya zilizopo. Inafunguliwa oda ya rota, nyekundu inahama tena kwenda chini. Mwisho inakaa kwenye oda ya rota: beringi 30, zipo 24, pengo 6. Skrini tatu, na aliyesimama kwenye ile ya juu anaona kijani. Kijani hicho kina maana kwamba kuna mtu ameahidi kuleta mota. Hakisemi kama mwenye ahadi ana vifaa vya kuitimiza.

Pana mlango mmoja wa kutokea. Kusanyiko likisajiliwa kama la kivuli, yaani halitengenezewi oda yake, programu inalipita na kuorodhesha vijenzi vyake moja kwa moja kwenye oda ya juu. Baadhi ya viwanda hugeuza makusanyiko mengi kuwa vivuli ili orodha iwe bapa. Kama kusanyiko kweli haliingii stoo, fanya hivyo bila wasiwasi. Kama linaingia, zile mota 15 zilizopo rafuni zina hatari ya kusahaulika kwenye hesabu, kutegemea programu inavyoshughulikia stoo ya kivuli. Jaribu kwanza.

Muda. Inajua tarehe ya kuanza oda husika, haijui zaidi.

Mgongano. Inategemea kama programu inatenga vijenzi. Ikitenga, aliyetangulia kutoa oda ndiye mwenye mali: feni zikitangulia, oda ya rota itaona beringi 4 tu. Isipotenga, oda zote mbili zitaona beringi 24 na zote mbili zitajiona ziko salama zaidi kuliko zilivyo.

Data. Inataka kidogo: BOM sahihi, yaani orodha ya vijenzi vya bidhaa na idadi yake, na hesabu sahihi ya stoo. Hilo si jambo dogo kwa kiwanda kinachoanza.

Inamfaa nani. Msimamizi wa karakana na mtunza stoo, kwa swali la leo: kazi hii naweza kuianza? Kwa bidhaa za ngazi moja au mbili inatosha, na hakuna haja ya kuikimbia kwa sababu tu inaonekana ya kizamani.

## Njia ya pili: kufumua BOM yote dhidi ya stoo

Unachagua bidhaa, unaandika idadi, programu inafumua BOM kutoka juu hadi kijenzi cha mwisho na kukuonyesha mti mzima na kilichopungua.

Kina. Ngazi zote, lakini kuna matoleo mawili ya njia hii na tofauti yake ni pesa. Toleo la kwanza linazidisha tu: pampu 40, kwa hiyo rota 40, kwa hiyo beringi 80, zipo 24, pungufu 56. Toleo la pili linatoa stoo katika kila ngazi kabla ya kushuka: pampu 40 zinahitaji mota 40, zipo 15, kwa hiyo ziundwe 25, mota 25 zinahitaji rota 25, zipo 10, ziundwe 15, rota 15 zinahitaji beringi 30, zipo 24, pungufu 6. Mnunuzi anayesoma toleo la kwanza ataagiza beringi 50 zisizo na kazi.

Kwa hiyo kabla ya kuiamini ripoti yoyote yenye mti mzuri wa BOM, iwekee bidhaa ndogo ya majaribio yenye stoo kwenye ngazi ya kati na uone inatoa 56 au 6. Dakika chache zinatosha, na ni swali ambalo wauzaji wengi wa programu hawaulizwi.

Lipo jaribio la pili pia. Tuseme rota 5 tayari zinaundwa karakanani na beringi zake 10 zimekwisha kutolewa stoo. Ripoti isiyosoma oda zilizo wazi itaona beringi zimepungua, haitaona rota zinazokuja, na itadai beringi zilezile mara ya pili.

Muda. Kwa kawaida haupo. Mahitaji yote huchukuliwa kana kwamba ni ya siku moja.

Mgongano. Haioni. Ukifumua pampu unapata pungufu 6. Ukifumua feni unapata hakuna upungufu, kwani 20 ni chini ya 24. Ukweli wa kiwanda kizima ni mahitaji 50 dhidi ya 24, yaani pungufu 26, na hakuna hata moja ya ripoti hizo mbili inayoitaja namba hiyo. Programu nyingine hupunguza tatizo hili kwa kukusanya oda nyingi pamoja kabla ya kufumua. Mpango wa uzalishaji wa ERPNext, kwa mfano, unaweza kuchukua oda kadhaa za mauzo, kuorodhesha makusanyiko madogo, kisha malighafi ya kununua. Hapo unakuwa katikati ya njia hii na inayofuata.

Data. BOM sahihi ya ngazi zote, pamoja na vipimo: ukinunua waya kwa kilo na kuutumia kwa mita, kosa la ubadilishaji hukua kila linapopita ngazi.

Inamfaa nani. Anayejibu mteja kabla ya kukubali oda, na mhandisi anayetaka kujua bidhaa mpya itadai nini. Kwa swali la "tukipokea oda ya 40, tutakwama wapi?" ni njia ya haraka kuliko zote. Kuongoza kiwanda kila siku kwa kuitumia ni shughuli nyingine, na haikuundwa kwa hilo.

## Njia ya tatu: MRP yenye kufuatilia chanzo cha hitaji

MRP, yaani hesabu ya kupanga mahitaji ya vijenzi kutokana na oda za bidhaa, ni ya miaka ya 1960, na Joseph Orlicky, aliyekuwa mmoja wa waasisi wake, alitenganisha mahitaji ya aina mbili: hitaji huru, linalotoka kwa mteja, na hitaji tegemezi, linalozaliwa na BOM. Pampu unaweza kuzikisia. Beringi za rota hukisii. Ukishajua pampu, zinahesabika. Karibu kila kitu katika njia hii kinatokana na tofauti hiyo.

Kina. Ngazi zote za bidhaa zote kwa mpigo mmoja. Kila kijenzi hupewa namba ya ngazi ya chini kabisa kinakotokea. Beringi iko ngazi ya 1 kwenye feni na ngazi ya 3 kwenye pampu, kwa hiyo inabeba 3, na programu haiigusi mpaka imalize kuhesabu mahitaji yote ya ngazi za juu. Ndiyo maana stoo ya 24 inatolewa mara moja tu, dhidi ya jumla ya mahitaji yote.

Muda. Hapa ndipo njia hii inapoziacha nyingine. Pampu zitoke wiki ya 9, kwa hiyo mota ziwe tayari wiki ya 8, rota wiki ya 7, beringi wiki ya 6. Feni zitoke wiki ya 8, beringi zake wiki ya 7. Angalia kilichotokea: pampu zinatoka baada ya feni, lakini zinahitaji beringi kabla ya feni, kwa sababu njia yake ni ndefu.

Beringi zinachukua wiki 4 kufika. Za wiki ya 6 zilipaswa kuagizwa wiki ya 2, na leo ni wiki ya 3, kwa hiyo programu inatoa tahadhari: beringi 6 zimechelewa wiki moja. Za wiki ya 7 zinapaswa kuagizwa leo: 20. Jumla 26, na mnunuzi anajua 6 ndizo za kupigia simu kuomba ziharakishwe na 20 ni za kuagiza kawaida, ilimradi aagize leo.

Mgongano. Inauona, na kwa kawaida inaugawa kwa tarehe ya hitaji. Beringi 24 zilizopo zinaenda kwenye rota wiki ya 6. Pampu 37 zinatoka kwa wakati, 3 zinachelewa wiki moja, na feni zote 10 zinatoka kwa wakati kwa beringi zinazofika wiki ya 7.

Kuona upungufu wa beringi ni jambo moja, kujua ni mteja gani ataumia ni jambo jingine. Hapo ndipo kunahitajika kufuatilia chanzo cha hitaji, na tena kuna daraja mbili. Programu nyingine hupanda ngazi moja: beringi hizi zinadaiwa na oda ya rota. Unabonyeza, unaona rota zinadaiwa na mota, unabonyeza tena. Nyingine hupanda hadi oda ya mteja kwa hatua moja. Kwenye SAP, MD04 inakupa orodha ya stoo na mahitaji ya kijenzi kimoja, na MD4C inakupa ripoti ya oda kwa ngazi zake zote pamoja na tahadhari za kila ngazi. Kwa bidhaa ya ngazi mbili tofauti hii ni ya starehe tu. Kwa ngazi sita ni tofauti ya asubuhi nzima.

Ufuatiliaji huo una doa lake, nalo ni ukubwa wa mafungu. Tuseme rota huundwa kwa mafungu ya 50. Hitaji la rota 15 linageuka kuwa oda ya 50, inayodai beringi 100; ukitoa 24, pungufu ni 76 hata kabla ya kuhesabu feni. Kati ya 76 hizo, ni 6 tu zinazomzuia mteja wa pampu. Nyingine ni za rota ambazo hakuna aliyeziomba. Akiba ya tahadhari hufanya vivyo hivyo: programu inaidai kama mahitaji mengine, na orodha inachanganya upungufu unaosimamisha kazi na upungufu wa kujaza rafu. Tafuta programu inayoweza kuvitenganisha hivyo viwili. Isipoweza, wanunuzi wataanza kuipuuza orodha nzima.

Data. Inataka kila kitu: BOM, stoo, muda wa kuagiza, muda wa kuunda, tarehe za oda za ununuzi. Hizo za mwisho ndizo zinazooza haraka. Oda ya ununuzi iliyopitisha tarehe yake bila mtu kuisogeza huhesabiwa na programu nyingi kana kwamba mzigo unafika leo, na upungufu unatoweka kwenye skrini huku ukibaki karakanani. Pia MRP ya kawaida hudhani karakana ina uwezo usio na kikomo. Vijenzi vikitimia haina maana kwamba mashine iko wazi.

Jambo jingine ni wasiwasi wa mfumo. Oda moja ya juu ikisogezwa siku mbili, tahadhari kadhaa huzuka ngazi za chini: harakisha hii, ahirisha ile, futa nyingine. Programu nzuri huruhusu kuweka kizingiti, ili tofauti ya siku moja au mbili isizue ujumbe, na kufunga ratiba ya wiki za karibu isichezewe na kila mzunguko wa hesabu.

Inamfaa nani. Kiwanda chenye bidhaa nyingi zinazoshiriki vijenzi, muda mrefu wa kuagiza, na mpangaji ambaye kazi yake ni kupanga, siye mtu wa mauzo anayepanga akipata nafasi.

## Njia ya nne: kukagua nini kinaweza kuundwa

MRP inakuambia unachokosa ili kutimiza mpango. Njia hii inageuza swali: kwa vilivyopo na vinavyokuja, tuunde nini? Programu inapanga oda kwa kipaumbele, inachukua oda ya kwanza, inaigawia stoo ngazi kwa ngazi, kinachobaki kinakwenda kwa oda ya pili, na kuendelea. Mwishoni kila oda inapewa hali yake: imetimia, imetimia kwa sehemu, au imekwama, na kijenzi kilichoikwamisha.

Kina. Ngazi zote, kwa kutoa stoo katika kila ngazi. Baadhi ya programu huishia ngazi mbili, uliza.

Muda. Dhaifu kuliko MRP, isipokuwa toleo linalosoma tarehe za mizigo inayokuja.

Mgongano. Hii ndiyo sababu ya njia hii kuwepo. Tuseme muuzaji wa beringi anasema hakuna kitu mpaka wiki ya 12. Sasa MRP inaweza kupiga kelele inavyotaka, beringi ni 24. Ni jozi 12, na kila jozi ni feni moja au rota moja, yaani pampu moja. Ukiwapa pampu kipaumbele, rota 12 mpya na 10 za stoo ni 22, na mota 15 juu yake: pampu 37, feni sifuri. Ukiwapa feni, zinatoka feni 10, zinabaki beringi 4 za rota 2: pampu 27. Programu haichagui. Inaweka chaguo mbili mezani zikiwa na namba, na kikao cha asubuhi kinakuwa kifupi.

Lakini tumia njia hiyohiyo kwenye hali ya mwanzo, ambapo beringi zilizoagizwa leo zingefika wiki ya 7, na uone inavyoweza kupotosha. Ukipanga kipaumbele kwa tarehe ya kutoka, feni ni za wiki ya 8, kwa hiyo zinachukua beringi 20 kwanza. Pampu 13 zinachelewa. MRP ilichelewesha 3. Feni zingeweza kusubiri mzigo wa wiki ya 7 bila kudhurika, ila programu isiyoangalia mizigo inayokuja haina namna ya kulijua hilo. Ukitaka njia hii, dai toleo linalosoma tarehe hizo.

Data. Stoo sahihi kuliko njia nyingine zote, pamoja na orodha ya vipaumbele ambayo watu wamekubaliana. Hiyo ya pili ni siasa ya kiwanda zaidi ya data. Mauzo wakiwa na namba moja ya kipaumbele kwa kila mteja, na kila mteja akiwa namba moja, hesabu haina cha kupanga. Na kama mtunza stoo anamkabidhi beringi yeyote aliyefika dirishani mapema, mgao wa programu unabaki kwenye skrini tu.

Inamfaa nani. Meneja wa uzalishaji kwenye kipindi cha uhaba, na kiwanda cha mashine ghali ambako kuanza kuunda kitu usichoweza kukimaliza kunajaza sakafu mashine nusu-nusu. Njia hii haimo kwenye programu zote. Mara nyingi ni nyongeza ya kulipia, au wapangaji huijenga wenyewe kwenye lahajedwali kwa data iliyotolewa kwenye programu.

## Beringi zilezile, majibu tofauti

| Njia | Inachosema kuhusu beringi leo |
|---|---|
| Oda ya kazi moja moja | Oda ya pampu haizitaji. Oda ya rota: pungufu 6, au 26 kama feni zimetengewa |
| Kufumua BOM | 6 au 56 kwa pampu, kutegemea toleo. 0 kwa feni |
| MRP | Pungufu 26: 6 zimechelewa wiki moja, 20 ziagizwe leo |
| Kukagua kinachoundika | Pampu 37 bila feni, au pampu 27 na feni 10 |

## Uchague ipi

Kama bidhaa zako zina ngazi moja au mbili na vijenzi havishirikiani sana, kaa na orodha ya kila oda ya kazi, hakikisha tu kutenga vijenzi kumewashwa. MRP itakuongezea kazi ya kutunza muda wa kuagiza wa mamia ya vijenzi kwa faida ndogo.

Kama unaunda kwa oda maalumu, kila kazi na BOM yake, na swali lako kubwa ni "tuipokee?", nunua ufumuaji mzuri unaotoa stoo katika kila ngazi. Uoanishe na oda za kazi zilizounganishwa, ili oda ya rota ijue ni ya pampu ya mteja gani. Odoo na programu nyingine hukuruhusu kuweka kusanyiko dogo litengenezwe kwa oda tu, na kiungo hicho hukaa. Gharama yake ni kwamba stoo ya ziada ya kusanyiko hilo haitumiki kirahisi kwa oda nyingine.

Kama kijenzi kimoja kinaingia kwenye bidhaa nyingi na vingine huchukua wiki nyingi kufika, huna budi kwenda kwenye MRP. Hapo swali la kumuuliza muuzaji ni kama ufuatiliaji wa chanzo unafika hadi oda ya mteja na kama unatenganisha upungufu wa oda halisi na ule wa mafungu na akiba. Mwombe akuonyeshe kwa data ya oda mbili zinazogombea kijenzi kimoja, kama pampu na feni hapa.

Kama tayari una MRP na bado kila asubuhi mnabishana nini kianze, kubadili programu hakutasaidia. Ongeza ukaguzi wa kinachoundika juu ya MRP, hata kwa lahajedwali, na uuwekee kikomo cha wiki mbili au tatu mbele; zaidi ya hapo MRP inajua zaidi.

Na kama hesabu ya stoo hailingani na rafu, au kuna beringi hasi kwenye mfumo kwa sababu makato hufanywa kiotomatiki baada ya kazi na BOM ina kosa, ahirisha uchaguzi. Anza na orodha ya oda za kazi, hesabu vijenzi vinavyosumbua kila wiki kwa zamu, safisha oda za ununuzi zilizopitwa na tarehe. Njia ya tatu na ya nne zitakupa upungufu wa kubuni mpaka hayo yakae sawa, na wanunuzi wakishazoea kupuuza orodha, kuwarudisha ni kazi ya miezi.